Sura ya Tano: Bei ya Umbali

Soko kubwa kuliko yote katika mchezo wa EVE Online halikupangwa na mtu. Lipo katika mfumo wa nyota uitwao Jita, jimbo la The Forge, ndani ya kituo kimoja kinachozunguka mwezi wa 4 wa sayari ya 4, na wachezaji hulitaja kwa ufupi: Jita 4-4. Kampuni ya CCP ya Reykjavík, Iceland, iliyoufungua mchezo huu tarehe 6 Mei 2003, haikuweka pale kibao cha kusema hapa ndipo pa kuuzia. Miaka ya mwanzo wafanyabiashara walikutana Yulai, kwa kuwa njia kuu za malango ya angani zilipitia huko. CCP ilipozibadilisha njia hizo Yulai ikakosa sababu ya kuwa soko, na biashara ikahamia taratibu upande wa dola ya Caldari, ambako wachezaji wengi walianzia maisha na kazi za kulipwa zilikuwa nyingi. Muuzaji alikwenda kwa sababu wanunuzi wapo. Mnunuzi alikwenda kwa sababu wauzaji wapo. Msongamano ukafika mahali ambapo CCP ililazimika kuitengea Jita mashine yake peke yake, na kuna nyakati watu walizuiwa langoni kwa kuwa mfumo umejaa.

Naanza na Jita kwa sababu mtu anayetaka kujifunza kununua na kuuza malighafi ndani ya mchezo huu kwa kawaida huingia na swali lisilomsaidia. Huuliza: bidhaa gani inalipa? Swali la kufaa ni jingine: ni usumbufu wa nani ninaouondoa? Katika EVE karibu kila kinachouzwa, kuanzia risasi hadi manowari, kimetengenezwa na mchezaji mmoja kwa madini yaliyochimbwa na mchezaji mwingine, na wote wanaishi katika ulimwengu mmoja wenye zaidi ya mifumo 5,000 ya nyota. Mchimbaji yuko mbali na kiwanda. Kiwanda kiko mbali na vita. Aliye vitani hana muda wa kungoja. Mfanyabiashara wa malighafi anaishi katika nafasi hizo zilizo wazi kati yao, na faida yake ni ujira wa kuzifupisha. Nitalirudia wazo hili kwa namna mbalimbali, maana kila aliyelisahau niliyemwona ameishia na ghala lililojaa na mfuko mtupu.

Msingi wa viwanda vyote ni madini manane: Tritanium, Pyerite, Mexallon, Isogen, Nocxium, Zydrine, Megacyte na Morphite. Tritanium ndiyo inayotumika kwa wingi kupita yote. Huyeyushwa kutoka kwenye mawe ya Veldspar, na mgeni hujifunza kuyachimba siku zake za mwanzo. Morphite iko upande wa pili kabisa: inatoka maeneo ya mbali yasiyo na polisi, na hutumika kwa kiasi kidogo katika vitu vya hali ya juu. Fedha ni ISK, herufi zilezile zinazotumika kwa krona ya Iceland.

Kuna kauli moja ambayo imewafukarisha wachezaji kwa miaka yote ya uhai wa mchezo huu: madini niliyochimba mwenyewe ni ya bure. Mtu anachimba jioni nzima, anayeyusha mawe yake, anatengeneza meli, kisha anaiuza kwa bei iliyo chini ya thamani ya madini yaliyomo ndani yake. Anahesabu fedha aliyopokea yote kuwa faida, kwa sababu hakutoa hata senti kununua malighafi. Lakini madini yale angeweza kuyauza palepale kama yalivyo na kupata zaidi, bila kupoteza muda wa kiwanda. Alichokifanya ni kumpa mnunuzi wa meli zawadi inayotoka jasho lake mwenyewe. Thamani ya madini ni kile ambacho soko lingekulipa leo kwa hayo madini, hata kama uliyaokota njiani. Mfanyabiashara mzuri huwatafuta wauzaji wa aina hii. Hununua meli na vifaa vilivyouzwa chini ya thamani ya madini yake, akavirudisha tanuruni, akauza madini. Hakumdhulumu mtu. Bei aliikuta imeandikwa.

Sasa tuje kwenye hesabu, kwa sababu biashara hii inaanza na kuisha kwenye desimali.

Soko la EVE lina oda za aina mbili. Oda ya kununua inasema: nitatoa kiasi hiki kwa kila kipande, yeyote mwenye nacho alete. Oda ya kuuza inasema: ninacho, anayekitaka alipe kiasi hiki. Kati ya oda ya juu kabisa ya kununua na oda ya chini kabisa ya kuuza kuna nafasi, na mwenye haraka ndiye anayeigharamia. Mchimbaji anayetaka fedha yake sasa hivi anauza moja kwa moja kwa mwenye oda ya kununua. Fundi anayetaka kuanza kazi sasa hivi ananunua moja kwa moja kwa mwenye oda ya kuuza. Wewe uliyekaa katikati unawapa wote wawili haraka yao, na mwenyewe unabaki na kazi ya kusubiri.

Tuseme unanunua Tritanium kwa ISK 4.00 na kuuza kwa 4.40. Ukitazama haraka utaona asilimia 10, na ni hapo wengi hukwama. Kila unapoweka oda unalipa ada ya udalali, na kila unapouza unalipa kodi ya mauzo. Viwango vimebadilishwa mara kadhaa kwa miaka, basi tuchukue mfano wa ada ya asilimia 3 na kodi ya asilimia 8, mzigo wa mtu asiye na ujuzi wa biashara. Ada ya kununua ni 0.12. Ada ya kuuza ni 0.132. Kodi ni 0.352. Jumla ni zaidi ya senti sitini, na tofauti ya bei ilikuwa senti arobaini tu. Umefanya kazi, umesubiri, soko limekubali bei zako zote mbili, na kila kipande kimekutia hasara ya senti ishirini.

Mwenye ujuzi uliokamilika anafanya hesabu hiyohiyo kwa ada ya asilimia 1.5 na kodi ya asilimia 3.6. Gharama zake zote zinafika senti 28 na kidogo, na anabaki na faida ya senti kama 11 na nusu. Kwa vipande milioni moja hiyo ni ISK 115,600 juu ya mtaji wa milioni 4. Si nyingi. Lakini ni faida, na yule wa kwanza alikuwa akipata hasara kwa bei zilezile, sokoni palepale, saa ileile. Ndiyo maana ushauri wangu kwa anayeanza ni mkavu: kabla ya kuchagua bidhaa, chukua muda wa kujifunza ujuzi wa Accounting, unaopunguza kodi, na wa Broker Relations, unaopunguza ada. Upo pia ujuzi wa kuongeza idadi ya oda. Unaanza na oda 5 tu, na ukiukamilisha wote unafika 305. Tangu Novemba 2016 mtu anaweza kucheza bila kulipa, ila kwa akaunti hizo za bure ujuzi una mipaka, na anayetaka kuishi kwa biashara atagongana na mipaka hiyo mapema.

Jambo jingine linalofichwa na pengo la bei ni wingi wa mauzo. Dirisha la soko linaonyesha historia: bei ya wastani ya kila siku, ya juu, ya chini, na vipande vingapi vimebadilishana mikono. Wageni huangalia mstari wa bei na kuacha takwimu za wingi zilizo chini yake. Kifaa chenye pengo la asilimia 60 kinachouzwa vipande vitatu kwa juma ni pambo la ghalani. Tritanium ina pengo dogo, lakini huuzwa kwa mamilioni mchana na usiku, na mtaji wako unarudi mkononi kabla hujauchoka. Mtaji unaozunguka mara kumi kwa asilimia 3 unaushinda uliolala ukingoja asilimia 25, na unakupa nafasi ya kubadili mawazo kila unaporudi.

Kwa miaka mingi uchovu mkubwa wa kazi hii ulikuwa vita vya senti moja. Mtu anaweka oda ya kuuza kwa 4.40, mwenzake anaweka 4.39, wa kwanza anarudi na 4.38. Mchezo unakulazimisha kusubiri dakika 5 kabla ya kubadilisha oda tena, kwa hiyo aliyeweza kukaa mbele ya kompyuta siku nzima na kurudi kila baada ya dakika 5 alimshinda mwenye akili zaidi lakini mwenye kazi ya ofisini. Kwa bidhaa za bei kubwa ilikuwa mbaya zaidi: mtu alimpita mwenzake kwa senti moja kwenye kitu cha ISK bilioni, bila kumpa mnunuzi nafuu yoyote. Mwaka 2020 CCP iliingilia kati. Bei ikaanza kuandikwa kwa tarakimu nne tu zenye uzito, na kubadilisha oda kukawa na gharama. Anayetaka kumpita mwenzake sasa lazima ashushe bei kwa kiasi kinachoonekana, na kila akigusa oda analipia. Naona yalikuwa mabadiliko ya haki. Yaliondoa malipo kwa kidole chepesi na kuyarudisha kwa mtu aliyekadiria bei vizuri tangu mwanzo akaiacha oda yake ifanye kazi. Oda inaweza kukaa siku 90. Weka bei unayoiamini, nenda kalale.

Lakini pengo la Jita ni jembamba kwa sababu kila mtu yuko Jita. Faida nene zaidi iko njiani.

Oda ya kununua inaweza kuwekwa ipokee mzigo kituoni pako tu, au ndani ya malango kadhaa, au jimbo zima. Ukiifungua kwa jimbo zima, wachimbaji watakuuzia popote walipo, na asubuhi utakuta umemiliki lundo dogo hapa, lundo kubwa pale, na mabaki yaliyosambaa katika vituo ambavyo hujawahi kuvisikia. Anayejua soko la mahindi la Kibaigwa, wilayani Kongwa, ameshaiona hesabu hii: gunia lililoko shambani na gunia lililoko sokoni si bidhaa moja, hata kama mahindi ni yaleyale, na aliyelifuata gunia hadi shambani ndiye mwenye haki ya tofauti ya bei. Mchimbaji aliye malango saba kutoka sokoni anakubali bei ya chini kwa sababu safari ya kwenda na kurudi ingemlia saa ya kuchimba. Unamlipa pungufu kidogo, naye anabaki kazini. Kisha unapita na meli ya mizigo, unakusanya.

Huo ndio ukusanyaji, na kwa maoni yangu ndio mlango bora wa kuingilia kwa mwenye mtaji mdogo. Hauhitaji ubashiri. Unahitaji kujua ramani, kujua wachimbaji wamejaa wapi, na kuvumilia safari zisizo na msisimko. Mawe yenyewe yanaweza kushindiliwa kabla ya kusafirishwa hadi yachukue sehemu ndogo tu ya nafasi yake ya awali, na wanaochimba kwa vikundi hufanya hivyo. Ukinunua mawe yaliyoshindiliwa na kuyayeyusha karibu na Jita kwa ujuzi mzuri wa kuyeyusha, unapata faida mara mbili: ya umbali na ya ufundi.

Kusafirisha kuna hesabu yake, na hapa watu hupoteza mali ya miezi. Kila kipande cha madini yoyote kati ya yale manane kinachukua mita za ujazo 0.01. Meli kubwa ya mizigo kama Charon inabeba mamia ya maelfu ya mita za ujazo. Ukiijaza Tritanium ya ISK 4 hadi mita 400,000, umebeba vipande milioni 40, yaani mzigo wa ISK milioni 160. Ukiijaza meli hiyohiyo madini ya thamani ya ISK 1,000 kwa kipande, umebeba bilioni 40. Meli ni ileile, mwendo ni uleule wa kobe, njia ni ileile. Kilichobadilika ni kwamba sasa wewe ni mradi wa mtu mwingine.

Maeneo yenye ulinzi katika EVE hayazuii shambulio, yanaliadhibu. Polisi wa CONCORD hufika baada ya sekunde chache na kuwaangamiza washambuliaji bila kukosa. Washambuliaji wanalijua hilo, na wanaliingiza kwenye hesabu: meli ngapi za bei rahisi zinatosha kuilipua meli ya mizigo kabla ya polisi kufika, zinagharimu kiasi gani, na sehemu gani ya shehena itabaki salama ndani ya mabaki ili rafiki aliye kando aizoe. Thamani ya shehena ikipita gharama hiyo kwa kiasi cha kuridhisha, shambulio linalipa. Wanakaa kwenye mifumo ya kupitia kama Uedama, wanapekua shehena za wapitao, wanachagua. Hawana chuki na wewe. Kwa hiyo usalama wa msafirishaji uko kwenye kukataa kuwa mzigo unaolipa: kugawa shehena katika safari nyingi, kuchanganya cha thamani na cha wingi bila kuvuka kiwango, kutojaza kwa sababu tu nafasi ipo. Nafasi tupu ndani ya meli ni sehemu ya bima yako.

Asiyetaka kubeba mwenyewe anaweza kumpa kazi mwingine kwa mkataba wa usafirishaji wenye dhamana. Msafirishaji anaweka ISK sawa na thamani uliyoitaja. Mzigo ukifika anarudishiwa na kulipwa nauli, usipofika dhamana inabaki kwako. Kampuni za wachezaji kama Red Frog zimejenga jina kwa kazi hiyo tu. Navutiwa sana na mfumo huu, kwa sababu unaziweka hatari na umbali kwenye bei moja iliyoandikwa wazi. Ukiona nauli ya njia fulani, umeona soko linavyoiogopa njia hiyo.

Na njia huweza kufa. Soko la pili kwa ukubwa ni Amarr, na kwa miaka wafanyabiashara waliishi kwa kubeba mizigo kati yake na Jita, safari salama ya malango kama kumi kupitia mfumo wa Niarja. Mwaka 2020 uvamizi wa Triglavian, maadui wanaoendeshwa na mchezo wenyewe, ulienea angani, na wachezaji wenyewe waliamua hatima ya kila mfumo kwa kupigana upande huu au ule. Niarja ilianguka, ikamezwa na jimbo jipya la Pochven. Anayetaka kubaki kwenye maeneo yenye ulinzi akajikuta na safari ya malango zaidi ya arobaini. Hakuna jiwe lililopungua, hakuna kiwanda kilichofungwa. Kilichotoweka ni mfumo mmoja katikati ya njia. Mwenye ghala Amarr lililojaa vitu vya Jita aliamka akiwa tajiri zaidi. Mwenye oda alizoahidi kuzijaza Amarr kwa bei ya zamani aliamka na deni la mwendo.

Watu hupenda kufikiri kwamba bei za malighafi zinaelea tu kwa upepo wa wanunuzi na wauzaji. Katika miaka ya mwanzo ya EVE hazikuwa hivyo, na kisa chake kinafundisha kuliko mchoro wowote wa bei. Wauzaji wasio watu, wanaoendeshwa na mchezo wenyewe, walikuwa wakiuza vyombo vidogo vya usafiri viitwavyo shuttle, kwa bei isiyobadilika na bila kikomo cha idadi. Chombo hicho kikiyeyushwa kinatoa Tritanium. Basi Tritanium ikipanda kupita bei ya chombo ukigawa kwa vipande vilivyomo ndani yake, watu walinunua vyombo, wakaviyeyusha, wakauza madini, na bei ikarudi chini. Palikuwa na dari juu ya Tritanium, na dari hiyo haikuandikwa popote. Iligunduliwa na watu waliokuwa wakihesabu kila kitu.

Chini palikuwa na sakafu. Bima ya meli ililipa kiasi kilichowekwa kwa thamani ya madini iliyoandikwa zamani na CCP. Madini yalipokuwa rahisi mno, kutengeneza meli kukawa na gharama ndogo kuliko malipo yake ya bima. Watu walitengeneza meli, wakazikatia bima, wakazilipua wenyewe, wakaenda kupokea. Kazi hiyo ilikula madini ya ziada na kuzuia bei isishuke zaidi. CCP iliviondoa vyombo vile vya bei ya kudumu, na mwaka 2010 ikaifanya bima ifuate bei halisi za soko. Dari na sakafu vikaondoka, na kuanzia hapo mwenye kuhodhi Tritanium akawa na hatari ya kweli na nafasi ya kweli. Hili lilitokea wakati kampuni imeshaajiri mchumi wake, Eyjólfur Guðmundsson, aliyejiunga mwaka 2007 na kutoa taarifa za uchumi wa ulimwengu huo kila robo mwaka. Baadaye, mwaka 2014, akawa mkuu wa Chuo Kikuu cha Akureyri. Leo CCP hutoa taarifa ya uchumi ya kila mwezi yenye thamani ya kilichochimbwa, kilichotengenezwa na kilichoangamizwa katika kila jimbo. Inasomwa bure. Jimbo linaloangamiza vingi na kuchimba kidogo linakuita kwa jina.

Maana mlaji wa mwisho wa madini katika EVE ni mlipuko. Meli isiyolipuka haihitaji kurudiwa. Tarehe 27 na 28 Januari 2014, katika mfumo wa B-R5RB, miungano mikubwa ya wachezaji iligongana baada ya bili ya umiliki wa mfumo huo kutolipwa kwa wakati. Titan 75, meli kubwa kuliko zote, ziliangamia ndani ya pambano moja. Hasara ilikadiriwa kuwa zaidi ya dola 300,000 za Marekani, kwa kupitia PLEX, bidhaa inayonunuliwa kwa fedha halisi na kuuzwa ndani ya mchezo kwa ISK. Nieleze hapa wazi, kwa sababu vijana wetu huahidiwa mengi mtandaoni: njia hiyo inakwenda upande mmoja. Fedha halisi inaingia, haitoki. Kuuza ISK kwa shilingi au dola ni kosa linalofungisha akaunti. Kikubwa ambacho faida yako inaweza kukulipia ni muda wako wa kucheza, na kwa mtu asiye na kadi ya benki hilo si dogo.

Vita vinaweza kuonekana kabla havijafika, na vingine hutengenezwa kwa ajili ya bei. Mwishoni mwa 2011 muungano wa Goonswarm uliamua kuwazuia wachimbaji wa barafu katika anga ya dola ya Gallente. Barafu ile hutoa isotopu za oksijeni, mafuta ya meli kubwa za Gallente na ya minara ya angani ya dola hiyo. Waliwalipua wachimbaji mfululizo, isotopu zikaadimika, bei ikapaa. Waliopanga shambulio walikuwa wameshajaza maghala kabla. Mbinu hiyo inaruhusiwa na sheria za mchezo, na inanikumbusha kila mara kuuliza, ninapoona bei inapanda ghafla, ni nani aliyekuwa na mzigo jana.

Kisa cha Technetium ndicho ninachokipenda zaidi, kwa kuwa kila hatua yake ingeweza kusomwa mapema na mtu mwenye kalamu. Technetium huchimbwa kwenye miezi. Desemba 2009, katika toleo la Dominion, CCP ilibadilisha viambato vya sehemu za vifaa vya kiwango cha pili, vile vya hali ya juu. Nia ilikuwa kupunguza utegemezi wa Dysprosium na Promethium, madini ya miezi michache yaliyokuwa yamewatajirisha wenye miezi hiyo. Mahitaji yakahamia Technetium. Lakini miezi yenye Technetium ilikuwa imejazana upande wa kaskazini wa ramani, na hakukuwa na namna ya kuipata nje ya miezi hiyo. Ukichukua orodha mpya ya viambato, ukazidisha kwa meli zinazotengenezwa kwa mwezi, ukalinganisha na miezi inayojulikana, jibu lilikuwa mbele yako: hii haitatosha. Bei ilipanda kwa miaka. Mwaka 2012 wenye miezi, miungano iliyowahi kupigana, walikaa meza moja wakaunda OTEC, umoja wa wauzaji Technetium waliokubaliana kutouza chini ya bei fulani.

Umoja wa namna hiyo unawaandikia wapinzani wake barua ya mwaliko. Bei ya kupangwa inapokaa juu, kila njia mbadala iliyokuwa ghali inaanza kulipa. Mwaka huohuo CCP iliruhusu zao la Technetium linalohitajika viwandani lipatikane kwa mchakato wa kugeuza madini mengine ya bei ya chini. Mchakato ulikuwa na upotevu mkubwa, lakini haukuhitaji mwezi wa kaskazini. Tangu siku hiyo Technetium ilikuwa na dari, na dari ile iliweza kukokotolewa: bei ya malighafi mbadala, jumlisha mafuta ya mnara unaoendesha mchakato, gawa kwa kinachotoka. Kila aliyekuwa ameihodhi juu ya namba hiyo alikuwa amehodhi hasara. Mwaka 2013 toleo la Odyssey likagawa upya mahitaji ya madini ya miezi, na yale adimu ya zamani yakarudi kuwa na thamani.

Ninapoifungua programu ya hesabu leo, safu ya kwanza ni orodha ya viambato kutoka kwenye toleo jipya, ya pili ni mahali kila kiambato kinapotoka, ya tatu ni idadi ya malango hadi sokoni. Bei naijaza mwisho.